Andika Muda wa Ijumaa

Kalunde wangu,

Marahaba. Nakuitikia kabla hujaniamkia, maana najua kesho stesheni kutakuwa na kelele, ndugu wamekuzonga kila upande, na wewe ukishaona behewa utasahau kama una mama. Basi shikamoo yako nimeshaipokea, usihangaike.

Saa hizi umetoka na baba yako kwenda kuaga kule Ng'ambo, na kwa ninavyomjua shangazi yako, hamrudi kabla ya magharibi. Nimerudishia mlango wa mbele. Jirani yetu Mama Chausiku nimemwambia kichwa kinaniuma asije kupiga soga, na nimekaa mezani kwangu, vitambaa vya watu nimevisukuma pembeni. Habari ya chakula cha njiani, na usimpe mtu mzigo akushikie, na ukifika uandike barua haraka, hayo umeshaambiwa na ukoo mzima, mengine umeambiwa mara mbili. Mimi siyataki. Mimi nina jambo moja tu. Jana uliniuliza swali nikiwa napepeta mchele, nikakujibu huku macho yangu yako kwenye ungo. Nilikujibu vibaya.

Uliuliza hivi: "Mama, kule Dar es Salaam wakitaka muda wangu, niandike upi?"

Nami nikasema: "Andika ule wa lambo, wa polepole. Usijitie makuu mbele za watu."

Ukasema, "Haya, mama," ukaenda zako. Ile haya yako niliisikia vizuri. Ilikuwa haya ya mtu aliyepewa kiatu kinachombana akashukuru.

Sasa nisikilize. Unaniona kila siku na pini mdomoni ukadhani mambo ya kuogelea siyajui. Nayajua. Najua kwamba kabla ya mashindano kila mtu anataja muda wake bora, na wapangaji wanautumia huo kumpanga. Wenye muda mrefu wanaogelea makundi ya mwanzo, watazamaji wenyewe bado wanatafuta pa kukaa. Wepesi wanawekwa kundi la mwisho, na mwepesi kupita wote anapewa njia ya katikati, anawaona wenzake kushoto na kulia, hakuna wa kumponyoka. Najua pia kwa nini muda wako wa lambo ni mrefu. Lambo halina ukuta. Baba yako amefunga kamba kati ya magogo mawili, na wewe ukifika kwenye kamba huna pa kujisukumia, unageuka kama mtu aliyekumbuka kitu nyumbani.

Na Ijumaa ile nilikuwepo. Pampu ya bwawa la klabu ilipopata kifaa baada ya kukisubiri tangu mvua za mwaka jana, maji yakajaa, mwalimu wako akasema uogelee mara moja tu tuone. Nilisimama nyuma ya ua na kikapu cha mhogo kichwani. Ulipogusa ukuta wa mwisho, baba yako aliitazama saa yake, akaitikisa, akaiweka sikioni, akaitazama tena. Kalunde, baba yako ni gadi wa treni. Kwa saa ile anapeperusha bendera ya kijani na treni nzima inaondoka. Tangu nimeolewa sijawahi kumwona akiitikisa. Siku ile hakuiamini, na wewe ulikuwa umekaa ukingoni, unakamua maji kwenye ile nguo niliyokushonea kwa kitambaa cha mwavuli, hata kuhema huhemi.

Huo ndio muda wako. Sasa nikueleze nilivyojifunza mambo haya, na ukicheka cheka tu, mimi mwenyewe nacheka.

Kuogelea nilijifunzia kwetu Puge, kwenye lambo la ng'ombe. Ng'ombe wananywa upande huu, sisi watoto tuko upande ule, na katikati ni matope ya kufika magotini. Bibi yako hakutaka kabisa. Kila nikirudi nywele zimelowa ananiuliza nilikuwa wapi, namwambia mvua imenikuta njiani. Kiangazi hicho, vumbi limejaa hadi kwenye kope! Alikuwa ananitazama, anachukua ufagio, na mimi nimeshafika kwa jirani. Lakini nilikuwa mwepesi, haki ya Mungu. Wavulana wa pale walikuwa wakiniona naingia majini wanatoka, wanasema wameshaoga.

Nilipokuwa msichana mkubwa nikaletwa Tabora kwa mjomba kujifunza cherehani. Bwawa la klabu lilikuwepo, lakini lilikuwa la Wazungu. Sisi tulilijua kwa sauti tu. Unapita nje ya ua na kapu lako la sokoni, unasikia mtu anajitupa majini, chubwi, halafu watu wanacheka. Nilikuwa nasimama pale nikijifanya natoa mwiba mguuni.

Uhuru ukaja. Na miezi haikupita mingi, wakatangaza kuwa bwawa sasa ni la wananchi wote, na yatafanyika mashindano ya mji. Wanaume kivyao, wanawake kivyao, na atakayeshinda kwa wanawake na atakayeshinda kwa wanaume watapanda treni kwenda Dar es Salaam kushindana na mikoa mingine. Mama wee! Mji ulichemka. Wazee wa msikitini walisema wanawake waogelee lakini wasionekane, basi tukakusanya khanga mji mzima, tukazitundika kuzunguka ua wote. Bwawa likapendeza kama nyumba ya harusi. Mshika saa akawa mwalimu mmoja wa kike.

Siku ya kujiandikisha tulipanga mstari mbele ya karani, kijana mgeni kabisa, ametoka mbali huko kusini, anatuita kila mtu "ndugu" na jasho linamtoka. Anauliza: "Ndugu, urefu wa bwawa hili kwenda na kurudi, unatumia muda gani?"

Sasa wewe unawajua watu wa hapa kwetu. Nani atasimama mbele ya watu aseme mimi ni mwepesi? Wa kwanza akasema, "Mimi najikongoja tu, baba. Andika taratibu." Wa pili akaona aibu kumzidi mwenzake, akasema, "Mimi taratibu kuliko huyu." Wa tatu akasema yeye hata kufika hana hakika. Tukawa tunashindana kwa unyonge, kila mmoja anajishusha chini ya aliyemtangulia, na yule kijana anaandika, anaandika, uso umemparama.

Zamu yangu ikafika. Nikainamisha kichwa vizuri kama nilivyofundwa. "Mimi, baba, wala usinihesabu. Nimekuja kusindikiza wenzangu."

Na nyuma yangu nani alikuwa? Mama Chausiku. Enzi hizo ni bi harusi mpya, Mzaramo wa pwani aliyeletwa huku na mume wa reli, na wewe unajua Mzaramo na Mnyamwezi ni watani, kinywa chake hakina kufuli kwangu wala changu kwake. Akapaza sauti: "Mwandike kweli huyo, karani! Mtani wangu huyo namjua. Akiingia majini asubuhi, chakula cha mchana mpelekeeni hukohuko. Anaogelea kama gunia la mtama!"

Watu wakaangua kicheko, na mimi nikacheka zaidi ya wote, maana utani ni utani. Ila karani hakuwa mtu wa huku. Hakujua kuwa mtani wako akikusema, mtu mwenye akili anaelewa kinyume chake. Aliniangalia kwa huruma, mwanangu, kwa huruma kabisa, akaniandika kundi la kwanza pamoja na wasiojua kuogelea.

Siku ya siku, filimbi ikalia. Nilikuwa na wenzangu watatu. Mmoja alishika ukingo hakuuachia mpaka mwisho. Wa pili alipita kwa kutembea, maji yanamfika kifuani, amenyanyua mikono kama anavuka mto. Wa tatu ni mama mmoja mnene mchangamfu, alifika katikati akaanza kuniita, "Nyamizi, Nyamizi, nakufa!" Mimi nilikuwa nimeshaenda na nusu ya kurudi. Ningemwachaje? Nikageuka, nikamshika kwapa, nikamvuta mpaka ukingoni, tunacheka wote wawili na kumeza maji. Halafu nikamalizia zangu, taratibu, nawapungia mkono waliokaa. Nikawa wa kwanza kwa mbali sana. Vigelegele! Nikatoka majini najiona malkia wa Unyamwezi.

Makundi mengine yakafuata, na la mwisho likawa la wasichana wanne ambao walisema ukweli kwa karani. Mmoja alikuwa muuguzi mwembamba, mpole, hakusema mengi. Alipoulizwa muda alitaja muda, basi. Wenzake walimkimbiza kutoka ukuta hadi ukuta, naye akakimbia kama anafukuzwa na nyuki. Mwalimu akasoma saa. Kumbe mshindi anachaguliwa kwa saa, wala kuwa wa kwanza katika kundi lako hakutoshi. Muuguzi alinizidi kidogo tu. Kidogo kiasi cha kuvuta pumzi mara mbili. Na mimi nilikuwa nimesimama katikati ya bwawa kuvuta mtu, na nilikuwa napunga mkono.

Alipanda treni yule muuguzi. Nilikwenda stesheni kumsindikiza, tukaimba, tukampa karanga. Nikarudi nyumbani nikaumia. Nasema wazi kwa sababu sijawahi kukuambia: niliumia wiki nzima, nikashona mikono ya gauni ambalo bwana harusi mmoja alikuwa anamshonesha mkewe, nikaiweka ya kulia kushoto. Mjomba wangu alinifokea hadi majirani wakatoka.

Usidhani namlaumu Mama Chausiku. Yeye alifanya kazi ya mtani. Wala karani. Nilijiuliza sana baadaye kwa nini sikusema tu, "Andika muda wangu huu, naujua." Nilikuwa naujua! Nilikuwa nimejipima jioni na wenzangu. Nikaona kwamba nusu ilikuwa adabu, na adabu siijutii. Nusu nyingine nilikuwa naogopa. Ukishataja muda wako wa kweli, watu watakaa wakusubiri uutoe. Ukitaja wa uongo wa chini, hakuna anayekudai kitu. Unaogelea na wanaotembea majini, unashinda, unapigiwa vigelegele, na moyoni unajua hujashindana na mtu.

Sasa ngoja nikuambie ya baba yako, nisiaibike peke yangu.

Wanaume walishindana saa ya alasiri. Khanga hatukuzitoa, tukakaa nje tukichungulia kwa kuzipanua kidogo. Masudi, kijana wa reli, alipoulizwa muda, alitaja muda ambao hata samaki wa Tanganyika angeomba radhi. Alikuwa na saa mpya mkononi na anataka watu waione. Basi akapewa njia ya katikati, kundi la mwisho, kushoto kwake askari, kulia kwake askari, vijana wa kambini wenye mabega kama milango. Filimbi ilipolia, wale askari walimpiga mawimbi ya kila upande hata hatukumwona tena. Wenzake wamemaliza, wamejifuta, wengine wameshavaa mashati, yeye ndiyo anageuka. Lakini hakutoka majini, kwa hilo nilimsifu. Alikuja mpaka mwisho, akashika ukuta, akanyanyua kichwa, na mtu wa kwanza aliyemwona ni mimi, nacheka hadi khanga imeniangukia. Akauliza, "Wewe dada, unacheka nini?" Nikamwambia, "Nacheka saa yako, imesimama." Na kweli ilikuwa imesimama, imejaa maji! Mwezi uliofuata wakaja wazee wa kwao kwa mjomba.

Kwa hiyo, Kalunde, wewe umezaliwa na waongo wawili. Mmoja alijipunja, mmoja alijizidishia, na hakuna aliyefika Dar es Salaam. Usiniulize wewe huo mwendo umeutoa wapi, na huo ukweli umeutoa wapi. Mungu ana mambo yake.

Najua leo kila mtu atakupa ushauri. Mama Chausiku ameshaninong'oneza nikuambie upunguze hapo sekunde chache, eti nani atajua, uwekwe katikati uonekane. Usipunguze hata moja. Maji yatakuumbua kabla hujafika ukutani, na yule uliyemnyang'anya njia yake atakuwa pembeni anakutazama. Mwalimu wako naye, Mungu ambariki, amesema uongeze kidogo ili ushinde kundi lako na kuutuliza moyo. Ana nia njema. Usiongeze. Baba yako nimemuuliza, akasema yeye ni mshika saa tu, asiingizwe. Lakini jana nimemsikia anaisugua ile saa kwa kitambaa, anapiga mluzi.

Nimebakiza jambo la mwisho, na nimeshazunguka sana kulikwepa.

Mwalimu wako alipokuja hapa kunywa uji, alieleza kwamba watakaofanya vizuri kwenye kundi la mwisho watachukuliwa kambini hukohuko Dar es Salaam, watasoma huko, wataogelea huko, na nyumbani ni likizo tu, treni ikiwepo na ruhusa ikiwepo. Wewe ulikuwa unamwaga maji ya kunawa, hukuona uso wangu. Mimi nilimeza uji wa moto nikasingizia pilipili. Kwenye uji!

Toka siku hiyo nikaanza kupiga hesabu zangu. Nikasema, akiandika muda wa lambo, atapangwa na wa mwanzo, ataogelea asubuhi na mapema, ataibuka wa kwanza kwenye kundi lake, atapewa leso na soda, na kabla sukari ya foleni ya ushirika haijaisha nyumbani atakuwa ameshuka stesheni, ananisimulia. Ndiyo maana nilikwambia usijitie makuu. Makuu yako hayakunisumbua hata kidogo. Nilikuwa nakutaka urudi. Nilitaka kukuwekea mguu mbele ya mlango, halafu niuite adabu.

Katika ukoo wetu watu wameondoka tangu zamani. Babu wa babu yangu alibeba pembe za ndovu kutoka hapa hadi baharini, mguu kwa mguu na wenzake mamia, wakiimba. Wengine walirudi na nguo na shanga na hadithi za maji yenye chumvi, tukaambiwa ni waongo. Wengine waliona pwani panawafaa, wakaoa, wakakaa, na mpaka leo ukiwakuta wana majina ya kwetu. Mama zao huku walikaa wakitazama njia. Nilikuwa nikiwahurumia wale mama nilipokuwa mdogo, sikujua kwamba nitakuja kukaa kwenye kigoda chao. Ila hao mama hawakuwafungia watoto mizigo ya mawe ili warudi kutoka nusu ya safari, na mimi jana nilitaka kukufungia.

Basi nimefungua. Usiandike muda wa lambo. Lile lambo lilikukuza na nalishukuru, matope yake yote. Usiandike muda wangu wa aibu wala muda wa baba yako wa kujionyesha. Karani wa kule akikuuliza, mtazame usoni, utaje ule wa Ijumaa, na sauti yako isikike. Kisha uende ukauogelee. Ukiwa wa mwisho kati ya wepesi, utakuwa umeshindana na wepesi, nami nitakupikia kuku wa nazi siku ukirudi na kukusikiliza mpaka usiku. Ukiwafunga, ukachukuliwa, kaa. Kaa mwanangu, kaa kwa raha zako, uyaone hayo maji ya chumvi kwa niaba ya mtu mmoja aliyesimama stesheni na karanga mkononi.

Nakupenda, na najivunia wewe hadi napata tabu kukaa kimya sokoni. Hilo nalo nimeliandika kwa sababu ana kwa ana nitalivuruga, nitaanza kukuuliza kama umechukua kandambili.

Barua yako ya kwanza usinieleze unarudi lini. Nieleze jambo moja tu: walikuweka njia ya ngapi. Nikisoma kwamba ni ya katikati, nitajua uliandika nini, na nitapiga vigelegele hadi Mama Chausiku aruke ukuta akidhani kuna harusi. Halafu nitalia. Lakini wewe utakuwa umeshaingia majini, na hayo ya huku nyumbani niachie mimi.

Mama yako,
Nyamizi